Joto ni adui wa kompyuta: jinsi feni moja kubwa ilivyoinusuru ofisi

Katika ofisi moja ya kumbukumbu za askari, ambayo hatuna haja ya kuitaja, palikuwa na kompyuta ya mezani iliyofanya kazi vizuri asubuhi na kuzimika mchana. Saa mbili asubuhi iliwaka bila taabu. Ilipofika saa sita ilianza kuzubaa: karani akibonyeza herufi, herufi ilichelewa kutokea. Ilipofika saa saba na nusu, jua likiwa limekwisha kulichoma bati la paa, ilizimika yenyewe bila onyo, na kazi yote ambayo haikuwa imehifadhiwa ikapotea.

Tulifika katika ofisi hiyo kwa shughuli nyingine. Kwenye benchi la nje aliketi mama mmoja, mjane wa koplo, akiwa na bahasha ya karatasi mapajani. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja kufuatilia malipo ya marehemu mumewe. Mara mbili za kwanza aliambiwa kwamba mtambo umezimika, arudi kesho. Nauli ya safari ile ya tatu alikuwa ameikopa kwa jirani.

"Mwanangu," alituambia, "sikuja kugombana na mtu. Nataka tu kujua kama jina la mzee limo."

Tuliingia ndani kumwuliza karani. Alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye kuona haya kwa jambo lile. Alikuwa ameliondoa bamba la ubavuni la kasha la kompyuta na kuielekezea feni ya mezani, lakini haikusaidia kitu. "Afande," alisema, "mashine hii imezeeka. Tumeandika barua kuomba nyingine."

Sajini mmoja wa karakana ya magari, aliyekuwa ameleta orodha ya vipuri, alichungulia ndani ya kasha lile kisha akatikisa kichwa. "Haijazeeka, afande. Inakosa pumzi. Gari likichemka huagizi gari jipya. Kwanza unatazama rejeta na feni yake."

Maneno hayo ya sajini ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Katika vikosi na vituo vya polisi ziko kompyuta nyingi za namna hiyo, zilizohukumiwa kuwa ni mbovu kumbe zinaugua joto tu. Yatupasa tujue joto hilo hutoka wapi, na jinsi feni moja kubwa, ikifungwa kwa akili na kwa idhini, inavyoweza kulitoa.

ADUI NI NANI?

Kila chombo kinachotumia umeme hutoa joto. Lakini kompyuta ina tabia yake: haivuti maji, haisagi nafaka, wala haiinui mzigo. Kwa sababu hiyo, karibu umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka kuwa joto. Kompyuta ya ofisi inayotumia wati 150 hutoa joto la wati 150, sawa na zile balbu za zamani za wati 50 zikiwa tatu, zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma kutwa nzima.

Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Prosesa nyingi za siku hizi zimewekewa mpaka wa nyuzi 95 hadi 100 za sentigredi. Zikiukaribia mpaka huo hujipunguzia mwendo zenyewe, kama askari aliyebeba mzigo mzito mlimani anavyopunguza hatua ili asianguke. Joto likizidi hata hivyo, kompyuta hujizima ili isiungue.

Basi ile kompyuta iliyozubaa saa sita na kuzimika saa saba na nusu haikuwa mgonjwa wa kichwa. Ilikuwa ikitii amri ya kujilinda. Tulioshindwa kuisoma dalili hiyo ni sisi tunaoitumia.

Jambo hili si geni kwa watu wa jeshi. Kompyuta iliyoitwa ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia huko Marekani mwezi Februari 1946, ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo ili ikokotoe majedwali ya kulengea mizinga. Ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30, na ndani yake mlikuwa na mirija ya vioo ipatayo 18,000, jamaa ya ile iliyokuwamo ndani ya redio za zamani. Ilikula umeme wa takriban kilowati 150, nayo isingeweza kufanya kazi bila mitambo mikubwa ya kupuliza hewa kati ya makabati yake. Tangu siku za mwanzo, kompyuta na feni zimekwenda pamoja.

Baadaye kompyuta zilipungua ukubwa, na kwa muda joto lilisahauliwa. Kompyuta ya mezani ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na feni moja tu, iliyokuwa ndani ya kisanduku cha umeme. Prosesa yake haikuhitaji feni yake yenyewe wala bamba la kupozea. Leo prosesa ya kawaida ya ofisi imepangiwa kutoa joto la wati 65, na zenye nguvu zaidi hupita wati 125. Kasha limebaki na ukubwa wa kawaida, lakini moto uliomo ndani yake umeongezeka mara nyingi.

HEWA NDIYO GARI LA KUBEBA JOTO

Mtu asidhani kwamba feni hutengeneza baridi. Feni haina baridi yoyote. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha kupata joto na kuiingiza nyingine mahali pake. Hewa ndiyo gari, joto ndilo shehena.

Tufanye hesabu ndogo. Katika miinuko kama ya Kampala, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo moja. Kuipandisha kilo moja ya hewa joto kwa nyuzi moja huchukua jouli zipatazo 1,000. Kompyuta ya wati 150 hutoa jouli 150 kila sekunde. Tukitaka hewa inayotoka nyuma ya kasha isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, twahitaji kupitisha takriban mita 0.9 za ujazo kila dakika. Tukitaka tofauti iwe nyuzi 5 tu, twahitaji karibu mita 1.8.

Hapo ndipo kosa la karani wetu linapoonekana. Alipoliondoa bamba la ubavuni alidhani ameipa kompyuta nafasi ya kupumua. Kumbe kasha lililofungwa vizuri ni kama bomba: hewa huingia mbele, hupita juu ya vyombo vyote, kisha hutoka nyuma. Ukilifungua ubavuni, njia hiyo huvunjika. Hewa huzunguka ovyo, na pembe nyingine za ndani hazifikiwi kabisa. Zaidi ya hayo, feni ya mezani ilisukuma ndani vumbi lote la chumba. Tena, ndani ya kasha lile tulimkuta mjusi mkavu aliyeingia kutafuta mahali pa joto akafia humo.

KWA NINI FENI IWE KUBWA?

Makasha mengi ya ofisi huja na feni moja ndogo nyuma, ya upana wa milimita 80 au 92. Nyingine zilizoenea ni za milimita 120 na 140, na kubwa kabisa zinazopatikana kwa urahisi ni za milimita 200. Mtu akiziweka mezani haoni tofauti ya kutisha. Lakini duara hukua haraka kuliko upana wake. Duara la milimita 80 lina eneo la sentimita za mraba 50. La milimita 200 lina 314. Hiyo ni zaidi ya mara sita.

Kwa hiyo feni ndogo, ili isukume hewa nyingi, hapana budi izunguke kwa kasi kubwa. Na kasi ina gharama yake. Ukiongeza mwendo wa feni mara mbili, hewa huongezeka mara mbili tu, lakini nguvu inayohitajika huongezeka mara nane. Kelele nazo huongezeka: feni ile ile ikipunguziwa mwendo kwa nusu, sauti yake hushuka kwa desibeli zipatazo 15. Ndiyo maana feni ndogo hulia kama nyuki, hali feni kubwa inayozunguka mara 600 au 800 kwa dakika husikika kama pumzi ya mtu aliyelala. Katika chumba cha redio, au mahali afisa wa polisi anapoandika maelezo ya shahidi, utulivu huo si anasa.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Feni kubwa ya mwendo wa pole ina udhaifu mmoja: haina msukumo. Ukiiwekea mbele yake kichujio kizito au rundo la nyaya, hewa yake hukwama. Ni kama umati wa watu watulivu: hupita vizuri penye lango pana, lakini hawawezi kuvunja mlango. Kwa hiyo anayeifunga yampasa aifungulie njia.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Kompyuta ya ofisi ni mali ya umma. Hakuna askari mwenye ruhusa ya kuikata kwa sababu tu ameipata keekee. Katika ofisi tuliyoitaja, jambo la kwanza lililofanyika ni mkuu wa ofisi kutoa idhini kwa maandishi. La pili, kumbukumbu zote zilinakiliwa kwenye diski nyingine na diski hiyo ikafungiwa kabatini. Maana bamba likikatwa vibaya laweza kununuliwa jingine, lakini jina la marehemu likifutika katika daftari, nani atalirudisha?

La tatu ni kupima. Kompyuta yenyewe ina vipimo vya joto ndani yake, navyo husomeka kwa programu ndogo au katika ukurasa wa matayarisho unaofunguliwa mara inapowashwa. Siku hiyo, hali ya joto ya chumba ikiwa nyuzi 31, prosesa ilifika nyuzi 98. Asiyepima kabla hawezi kujua baadaye kama amefanya kazi au amejifurahisha.

La nne ni usafi. Umeme ulizimwa na waya ukachomolewa ukutani. Sajini alishika chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini mwake upotee usiviharibu vipande vya ndani. Kisha alisafisha kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, akizizuia pangaboi za feni kwa kidole zisizunguke ovyo. Aliikataa pampu ya hewa ya karakana, kwa kuwa mara nyingi hutema maji na mafuta pamoja na hewa. Vumbi lililotoka kwenye bamba la kupozea prosesa lilikuwa zito kama blanketi. Ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na bamba hilo ilikuwa imekauka ikapasuka. Ilifutwa ikapakwa mpya, kiasi cha punje ya harage dogo.

Kisanduku cha umeme hakikufunguliwa. Wenye kusoma walishike neno hili: ndani ya kisanduku hicho umeme huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa, nao huweza kuua. Vumbi lake hupulizwa kwa nje tu.

Baada ya usafi huo peke yake, joto la prosesa lilishuka hadi nyuzi 85. Ofisi nyingine zingeweza kuishia hapo, na pengine ingetosha. Lakini chumba kile kina bati bila dari, na kompyuta ile hufanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Sajini akasema bado gari lina rejeta safi lisilo na feni.

KUIFUNGA FENI

Kwanza tazama kama kasha lina mahali palipoandaliwa tayari. Mengi yana matundu mbele, juu au ubavuni. Penye matundu hayo hapahitaji kukatwa kitu. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105, na ya milimita 140 yameachana milimita 124.5. Feni za milimita 200 hazifanani kutoka kiwanda hadi kiwanda. Hizo upime kwa feni yako mwenyewe, usiamini maneno ya muuzaji.

Kasha letu halikuwa na mahali hapo. Bamba la ubavuni lilikuwa chuma kitupu. Sajini alipima nafasi ya ndani kwanza, ili feni isigonge bamba la kupozea kasha likifungwa. Akaandaa karatasi yenye umbo la feni, akaibandika juu ya bamba, akachora duara kwa bikari. Kisha bamba lilichukuliwa karakanani, mbali na kompyuta. Hili ni muhimu kuliko yote katika kazi hii: punje moja ya chuma ikianguka juu ya ubao mkuu huweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana, na huo ukawa mwisho wa kompyuta.

Alitoboa matundu madogo kuzunguka ndani ya mstari, akayaunganisha kwa msumeno wa chuma, akalainisha ukingo kwa tupa. Bamba lilioshwa, likakaushwa, na ukingo uliokatwa ukapakwa rangi usipate kutu. Upande wa nje ukawekwa wavu wa waya kuzuia vidole, na juu yake kichujio chepesi cha kuzuia vumbi. Feni ilifungwa kwa skrubu nne zenye vipande vya mpira, ili mtikisiko wake usilifanye bamba zima kulia kama debe.

Upande wa kuelekea ni jambo linalowachanganya wengi. Feni nyingi zina mshale ubavuni unaoonyesha hewa iendako. Pasipo mshale, kumbuka kwamba hewa hutokea upande wenye vile vijiti vinavyoishika mota katikati. Feni yetu kubwa iliwekwa kuingiza hewa, na ile ndogo ya nyuma ikaachwa iitoe. Hewa inayoingia ikiwa nyingi kidogo kuliko inayotolewa, vumbi halivutwi kupitia nyufa; huingia kwa lango moja tu, nalo lango hilo lina mlinzi wake, yaani kichujio.

Mwisho ni umeme. Feni za kompyuta hutumia volti 12. Plagi yake ina waya tatu au nne, na ina ukingo unaoifanya iingie kwa upande mmoja tu, usiilazimishe. Waya wa tatu huipasha kompyuta habari ya mwendo wa feni. Wa nne, ikiwa upo, hupokea amri ya kuongeza au kupunguza mwendo huo. Sehemu ya plagi kwenye ubao mkuu kwa kawaida imewekewa kikomo cha ampea moja, basi soma kibandiko cha feni kabla ya kuichomeka. Waya uwe mrefu wa kutosha ili bamba lifunguke siku ya usafi, nao ufungwe usizifikie pangaboi.

MAJARIBIO NA MIPAKA

Kazi isiyokaguliwa haijaisha. Kasha lilipofungwa, karani alishika kipande cha karatasi laini mbele ya feni kubwa, kikavutwa na wavu. Akakishika nyuma, kikapeperuka kwenda nje. Njia ilikuwa wazi. Kesho yake, saa saba na nusu, chumba kikiwa na nyuzi 31 zile zile na kazi ikiwa ile ile, prosesa ilisoma nyuzi 76. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, wala iliyofuata, wala siku zote za juma lile.

Lakini feni haina miujiza. Haiwezi kuifanya kompyuta iwe baridi kuliko chumba chenyewe. Chumba kikiwa tanuri, feni itapuliza hewa ya tanuri. Hapo dawa ni dari, dirisha na kivuli. Wala si kila kompyuta inayozimika inaugua joto. Kisanduku cha umeme kilichochoka, au umeme unaopanda na kushuka, huleta dalili inayofanana. Kipimo ndicho kitakachosema.

Tena feni kubwa inavuta hewa nyingi, na hewa nyingi huja na uchafu mwingi. Walio kandokando ya Ziwa Victoria, kama Entebbe, wanawajua wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Asubuhi moja yatosha kuziba kichujio kizima. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara hufanya vivyo hivyo. Kichujio kisipooshwa, feni hugeuka kuwa pambo. Katika ofisi ile imewekwa amri: kila Ijumaa jioni kichujio huoshwa na kukaushwa, na karani hutia sahihi katika daftari, kama vile bunduki inavyokaguliwa.

NENO LA MWISHO

Askari hufundishwa tangu chuoni kwamba silaha isiyotunzwa humsaliti mwenye nayo. Mpiga rashasha hufyatua, kisha huuacha mtutu upoe au huubadilisha. Dereva hutazama maji ya rejeta kabla ya kuliwasha gari. Kwa nini basi kompyuta, inayobeba majina, mishahara, likizo na haki za watu wetu, iachwe ichemke hadi izimike, halafu tuandike barua ya kuomba nyingine? Hiyo nyingine nayo ikiletwa itawekwa chini ya bati lile lile, na vumbi lile lile litaijaza.

Feni ile iligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta mpya. Kazi yote ilichukua mchana mmoja wa sajini na karani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuiona kompyuta, lakini neno lao latufaa.

Yule mama alirudi mara ya nne. Ilikuwa mchana, saa nane kasoro, saa ambayo zamani angeambiwa arudi kesho. Karani alimkaribisha kiti, akaliandika jina la marehemu, na jina likatokea pamoja na namba yake na tarehe ya kuajiriwa. Ilibaki karatasi moja tu ya kutiwa sahihi na mkuu, nayo ikatiwa sahihi siku hiyo hiyo.

Mama alitazama kioo kwa muda, kisha akauliza sauti ile ndogo inayotoka sandukuni ni ya nini.

"Ni feni, mama," karani alimjibu. "Inaipa mashine pumzi."